Nusu ya Kidari

Nyama ya mbuzi nimeikata kwa zaidi ya miaka arobaini, na katika miaka hiyo nimeweka sahani mbele ya watu wengi wakubwa. Shule sikuiingia hata siku moja. Baba yetu alipofariki, nyumba iliweza kusomesha mtoto mmoja tu, nami nikamwachia mdogo wangu nafasi hiyo. Mimi nikaenda kichinjioni Dagoretti kubeba ngozi. Kiswahili hiki unachokiandika, mjukuu wangu, nilifundishwa na mpishi mzee wa Pwani, ambaye ndiye pia aliyenifundisha kushika kisu. Mzee yule hakuvumilia neno lililovunjwa, kama ambavyo hakuvumilia mfupa uliovunjwa mahali ambapo ungeweza kuachanishwa kwenye kiungo. Kwa hiyo andika nilivyosema, wala usinipambie.

Nataka kusema juu ya mdogo wangu, na juu ya mtu aliyeomba urais mara tatu.

Mtu huyo simtaji jina. Alikuwa na jumba Kitisuru, kwenye njia ile yenye ua mrefu wa michongoma, na alikuwa na chama kidogo ambacho wengi hawakukijua mpaka mwaka wa kura ulipofika. Bunge alikwisha kulitoka zamani, lakini sote tulimwita mheshimiwa. Mara zote tatu alizoomba urais, mimi ndimi niliyechoma nyama uani kwake. Na mara zote tatu mdogo wangu alikuwa katibu wa chama chake.

Mdogo wangu alikuwa mwalimu kwanza, kisha watu wa wadi yetu wakamchagua kuwa diwani. Ni yeye aliyeandika barua za chama, aliyepanga viti, aliyesimama mvuani kuwangoja wajumbe ambao hawakuja. Uchaguzi ulipokwisha na wenzake wakahamia kwa walioshinda, yeye alibaki akikusanya mabango kwenye kuta za mji kwa sababu, alisema, si adabu kuacha uso wa mtu ukichanika kwa mvua.

Siku hizo sheria haikumlazimu mgombea urais kutaja mwenzake kabla ya kura. Makamu aliteuliwa baadaye na yule aliyeshinda. Hata hivyo wagombea walitaja, ili watu wa upande mwingine wa nchi wajione wamo katika safari. Mara ya kwanza, mheshimiwa alimtaja rafiki yake wa utotoni, mtu wa tarafa moja naye. Walipendana kweli, na walishindwa vibaya, kwa sababu watu walisema watoto wa boma moja wanataka nchi nzima iwe ya kwao. Mara ya pili, mwaka wa elfu mbili na mbili, alimtaja mfanyabiashara mwenye malori, maana mara ya kwanza hakuwa na magari ya kumfikisha mbali. Mwenye malori alikaa naye majuma matatu. Kura ikiwa bado, alirudi kwake yeye na malori yake. Mgombea anayerudi hachagui mtu. Anachagua dawa ya kile kilichomwangusha mara iliyopita. Hilo nalijua leo. Wakati ule niliona nyama tu.

Kwetu nyama haigawanywi ovyo. Kila sehemu ina mwenyewe, na mkataji asiyejua huiaibisha nyumba nzima mbele ya wageni. Kidari, ile nyama ya kifua, ni cha mwenye boma. Lakini katika nyumba ile ya Kitisuru niliona jambo ambalo sikuliona kwingine. Mheshimiwa alipokwisha kumchagua mgombea mwenza, alikuja uani peke yake, akanawa mikono kwenye mfereji ulio kando ya tangi, akaniambia nikipasue kidari katikati: nusu yake, na nusu ya mtu fulani. Kabla ya juma kwisha, mtu huyo alitangazwa. Nililiona kwa rafiki wa utotoni, nikaliona tena kwa mwenye malori. Sikumwambia yeyote. Mchoma nyama anayesema hapati kazi ya pili.

Mwaka wa elfu mbili na saba akaomba tena. Jumatano moja niliitwa Kitisuru na mbuzi watatu. Pale getini palikuwa na bawabu, mtu wa magharibi ya nchi, mwenye maneno mengi kuliko funguo zake.

“Mzee wa visu!” akaniita kabla gari halijasimama. “Leo mbuzi wamekufa kwa ajili ya nani?”

“Fungua geti.”

“Nafungua, mzee, lakini niambie ukweli. Mheshimiwa anaoa tena, si ndiyo? Wa kwanza alimwoa kwa mapenzi. Wa pili alimwoa kwa malori. Huyu wa tatu atamwoa kwetu, shika neno langu. Kwetu ndiko kwenye kura.”

“Wewe linda geti.”

“Nalinda. Lakini ukumbuke shemeji yako hapa nje, hata kama ni utumbo tu.”

Madereva waliokuwa wakioshea magari pale walicheka. Mimi sikucheka. Nilimwona ni mtu mpuuzi, na kumbe alikuwa ameyasema yote katika maneno machache.

Wazee wa chama walikaa kwenye nyasi nyuma ya nyumba, wapata ishirini, na mdogo wangu miongoni mwao, faili lake likiwa kwapani hata alipokuwa akisalimu watu. Mbuzi wa kwanza alipokaribia kuiva, mheshimiwa alikuja uani peke yake. Akafungua mfereji.

“Mbuzi ni wa wapi?”

“Wa Dagoretti, mheshimiwa. Nimewachagua mwenyewe asubuhi.”

“Kidari kipasue. Nusu mwekee ndugu yako.” Alinawa polepole, kama mtu aliyekuwa na neno jingine. “Umkatie vizuri. Amenivumilia miaka mingi.”

“Nimesikia.”

“Na mguu mmoja wa nyuma usiuchome. Mfungie, ampelekee mama.”

Akaenda zake bila kufuta mikono.

Hapa nataka uandike pole pole. Kwa watu wetu, anayefungiwa nyama ni mgeni anayeaga. Mtu wa boma hula, akashiba, akabaki. Hafungiwi kitu, maana yuko kwake. Yule rafiki wa utotoni hakufungiwa nyama. Mwenye malori hakufungiwa nyama. Desturi hiyo niliijua tangu nilipokuwa mtoto wa kuchunga, na kama ningeambiwa nimfungie mguu mtu mwingine yeyote, ningejua papo hapo kwamba anaagwa kwa heshima. Lakini mama wa mdogo wangu ndiye mama yangu. Nilipokuwa nikiufunga mguu ule kwa gazeti, nilikuwa nikiwaza meno yake, na namna utakavyochemshwa mpaka ulainike, na kwamba mtu mkubwa kama yule amemkumbuka mama wa mchoma nyama. Furaha yangu mwenyewe ilinifunika macho.

Jioni tulirudi pamoja katika pikapu ya chama. Dereva alikuwa mbele. Sisi tulikaa nyuma pamoja na masufuria na wavu wa kuchomea. Tulipokuwa tukishuka upande wa Spring Valley, mdogo wangu akaegemeza faili magotini.

“Mkubwa,” akasema. Hivyo ndivyo alivyoniita maisha yake yote. “Nina shida. Karatasi za udiwani zinarudishwa Ijumaa, na saa kumi mlango unafungwa. Mheshimiwa amesema mwenzake hawezi kuwa mtu anayeomba kiti cha wadi. Atazunguka naye nchi nzima, na kura zikienda vizuri atateuliwa kuingia bungeni. Nikirudisha karatasi, nimejiondoa mwenyewe. Nisiporudisha, na nisitajwe, nabaki mikono mitupu.”

“Yeye amekwambia nini?”

“Hajaniambia kitu. Alinitazama tu nikila.”

Ndipo nikacheka. Mimi si mtu wa kucheka, na unajua. Nikamweleza habari ya kidari, mara ya kwanza na mara ya pili, jambo ambalo nilikuwa nimelificha miaka kumi.

“Usirudishe,” nikamwambia. “Ni wewe.”

“Una hakika?”

“Nimewahi kukufanyia mzaha?”

“Hapana, mkubwa. Wala hujawahi kunisifu.”

“Basi leo nakusifu. Umeingoja nafasi hii miaka mingi, na umeipata. Baba angekuona leo, angenyamaza kwa fahari.”

Nikaweka mkono begani pake. Mkono ulikuwa ukinuka moshi na mafuta, na yeye alikuwa amevaa koti lake zuri, lakini hakusogea. Tangu siku tuliyomzika baba sikuwa nimemgusa hivyo.

Tulipitia kwa mama. Niliuweka mguu mezani, mama akashukuru Mungu kwa sauti. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni.

“Huo umetoka wapi?” akauliza.

“Kwa mheshimiwa. Alisema nikufungie umletee mama.”

Alikuja mezani, akafungua gazeti, akauangalia mguu, akaufunika tena kwa uangalifu, kona kwa kona, kama alivyokuwa akifunika madaftari ya wanafunzi. Kisha akamuuliza mama kama ana chumvi ya kutosha. Mama akasema anayo. Akaaga.

Ijumaa, saa tisa alasiri, nilifika kwake kuona kama ametii. Karatasi zilikuwa mezani, chini ya Biblia. Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda akipiga rangi viatu vya mama, vile vyeusi vya kanisani, kwa sababu mama alikuwa amealikwa Jumamosi mjini, kwenye kutangazwa kwa mgombea mwenza.

“Bado ungewahi, ukipata gari sasa hivi,” nikasema, nikimjaribu.

“Nikafanye nini huko?” akajibu. Akaendelea kupiga rangi.

Nilikaa naye mpaka saa kumi ikapita. Nilidhani namlinda asivunjike moyo.

Jumamosi tulikwenda mjini, kwenye ukumbi wa hoteli moja. Mama alikuwa hajafika katikati ya mji kwa miaka mingi. Alishika mkono wa mdogo wangu kwenye kila ngazi. Tuliketishwa safu ya pili. Mbele kulikuwa na wapiga picha, vitambaa vyekundu na vyeupe mezani, na viti viwili jukwaani, kimoja kikiwa wazi. Mama alikitazama kile kiti kwa muda mrefu, akaniuliza kwa lugha ya kwetu kama kina mto wa kukalia, maana mwanawe huumwa mgongo.

Mheshimiwa alisema maneno mengi kwa Kiingereza. Mimi sijui Kiingereza, na mama hakujua. Nilikuwa nikimwangalia mdogo wangu, ili nijue kwa uso wake neno litakapofika. Uso wake haukubadilika. Ghafla akasimama akipiga makofi, wa kwanza katika ukumbi mzima, na watu wote wakasimama nyuma yake. Mama alipoona mwanawe amesimama na watu wote wanapiga makofi, akaweka mkono mdomoni, akapiga vigelegele. Akavipiga vitano, kama inavyompasa mama wa kwetu kwa mtoto wa kiume aliyezaliwa. Vilikuwa vikali na vya wazi. Wapiga picha wakageuka.

Kutoka nyuma ya ukumbi alikuwa akija mtu mwingine, mtu wa magharibi, aliyewahi kuwa mkubwa serikalini, mwenye suti ya kijivu, akishikwa mikono njia nzima. Akapita mbele yetu, akainama kwa mama, akamshukuru kwa vigelegele. Kisha akapanda jukwaani, akakaa kwenye kile kiti.

Hakuna aliyemwambia mama anyamaze. Nilitaka kufanya hivyo mimi. Mdogo wangu alinizuia kwa macho, akamshika mama mkono, akangoja amalize cha tano.

“Huyo ni nani?” mama akauliza alipokaa.

“Ni mtu tutakayefanya naye kazi,” mdogo wangu akamjibu.

Nami nilikuwa pale, nikasikia.

Kiti cha udiwani kilichukuliwa na kijana ambaye mdogo wangu aliwahi kumfundisha. Mheshimiwa alishindwa mara ya tatu, na yule mwenye suti ya kijivu hakuonekana tena Kitisuru. Bawabu aliniambia baadaye kwamba hata simu hakupiga, na safari hii hakuniongezea mzaha. Kisha ikaja miezi ile ya machafuko ya mwanzo wa mwaka ambayo kila nyumba katika nchi hii ina yake ya kusimulia, na mambo ya viti yakawa madogo. Lakini kwetu hayakwisha. Kila Jumapili tulipotoka kanisani, mama alimuuliza mdogo wangu, “Mwanangu, kazi ile unaanza lini?” Naye alimjibu kila mara, “Bado kidogo, mama.” Mama alifariki mwaka huo kabla ya mavuno, na majirani waliokuja kumlilia walimpa mdogo wangu mkono wakimwita kiongozi, kwa maana mama alikuwa amewaambia. Hakumsahihisha mtu.

Baada ya matanga nilikwenda kwake. Nilikuwa nimebeba neno moja, na nilikuwa nimelibeba tangu ile Jumamosi: kwamba nilisikia habari ya mguu kutoka kinywani mwa mheshimiwa, kwamba niliufunga kwa mikono yangu, na kwamba katika gari nilimwambia habari ya kidari peke yake. Nilikusudia kusema unisamehe. Neno hilo sikuwa nimewahi kulisema kwa mtu mdogo kwangu.

Nilimkuta shambani nyuma ya nyumba, akipanda majani ya nepia. Suruali ameikunja, magoti yana udongo. Mwalimu na diwani. Nilisimama mwanzo wa mstari.

“Ule mguu,” nikaanza. “Siku ile ya Kitisuru. Sikukwambia tulipokuwa garini.”

“Niliuona mezani kwa mama,” akasema bila kuinua kichwa.

“Ulijua maana yake?”

“Mkubwa, mimi nilisoma, lakini nililelewa na wewe. Nilijua pale pale.”

Jua lilikuwa kali. Nilihesabu moyoni: Jumatano jioni, Alhamisi nzima, Ijumaa mpaka saa kumi. Siku mbili zilikuwa mkononi mwake.

“Mbona basi hukurudisha karatasi?”

Akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

“Nilizichukua Alhamisi asubuhi. Nikafika njia panda, nikarudi. Ulikuwa umecheka, mkubwa. Ulikuwa umeniwekea mkono hapa,” akagusa bega lake. “Ulisema habari ya baba. Nikawaza, nikirudisha karatasi hizi, nitakuwa nimemwambia amekosea, siku ile moja aliyofurahi kwa ajili yangu. Nikasema moyoni, labda mheshimiwa naye hajui desturi vizuri. Nikataka liwe kweli.”

Nilikuwa na neno langu. Niliangalia chini, nikaona ule mstari wa nepia.

“Umeyapanda karibu karibu mno,” nikasema. “Yatanyimana.”

Alinitazama kidogo. Kisha akacheka, kicheko kifupi, akainama, akaanza kung'oa shina moja moja na kulisogeza. Nikavua koti, nikaingia upande wa pili wa mstari, nikang'oa kutoka kule mwisho kuja kwake. Tulifanya kazi hiyo mpaka tukakutana katikati. Nilirudi nyumbani na neno langu.

Mwaka uliofuata alianguka mlangoni kwake asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu. Hospitali hakuifikia. Mheshimiwa alikuja mazishini, akasema vizuri sana juu ya uaminifu, kisha akanivuta kando, akaniambia anafikiria kuomba mara ya nne, na kwamba kisu changu kitahitajika.

Nilimpa mkono, kwa kuwa alikuwa mgeni katika boma letu. Kisha nikaenda jikoni kwa wanawake, nikaomba mguu mmoja wa nyuma, mbichi, nikaufunga kwa gazeti, kona kwa kona, nikampelekea garini kwake mbele ya watu. Yeye ni mtu wa kwetu. Aliupokea kwa mikono miwili, akautazama, akaacha kunitazama mimi, akamwambia dereva aondoke.

Mdogo wangu angenikemea kwa hilo, siku ya mazishi yake. Yeye aliwangoja watu wamalize vigelegele vyao. Nepia ile bado ipo, na mstari ni ule ule. Hao mbuzi wetu unaowasikia wakilia sasa ndiyo wanayokula. Weka kalamu chini, nenda ukawakatie.